Wiki ya kupunguza vitu nyumbani na vibonzo vya baiskeli: nikishakichora kitu, ninaweza kukiachilia?

Wino_wa_Ngamiani ameuliza:

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Mimi ni mchora vibonzo, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikiyachorea magazeti, kwanza nikiwa Dar es Salaam na sasa nikiwa kwetu Ngamiani, Tanga, katika nyumba ya Kiswahili aliyotuachia marehemu baba. Naomba ushauri wenu juu ya jambo lililonikwamisha tangu Ijumaa.

Wiki iliyopita niliamua kupunguza vitu. Chumba kimoja cha uani kilikuwa kimejaa kiasi kwamba mlango wake haukufunguka zaidi ya shubiri mbili, na mvua za vuli zilipoanza maji yalichuruzika ukutani hadi kwenye boksi la chini kabisa, lenye michoro yangu ya asili ya miaka ya mwanzo. Kumi na mmoja kati yake imeshikamana kama kurasa za daftari lililotumbukia kisimani.

Wakati huohuo nilikuwa nimeahidi kupeleka mfululizo wa vibonzo saba kuhusu baiskeli. Wazo hilo lilinijia Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, ambayo ni mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufika Afrika. Mpwa wangu, anayeishi nami, aliyatazama siku zote nane, na aliponiuliza kwa nini mimi sichori baiskeli ilhali Tanga imejaa baiskeli, sikuwa na jibu la kumpa. Kwa hiyo nikayaunganisha mambo mawili kwa sharti moja: kila siku nitoe kitu chumbani, kisha nichore baiskeli inayokibeba kwenda nacho.

Sharti hilo lilinisaidia kuliko nilivyotarajia. Jumatatu nilitoa magazeti ya zamani, nikamchora muuza karanga akiendesha huku marobota yakiwa juu ya karia, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyachukua kwa ajili ya kufungia. Jumanne zilitoka sufuria zisizo na mifuniko na mifuniko isiyo na sufuria, nikazichora zimefungwa kwa utepe wa tyubu kuukuu, kama tunavyofunga mizigo yote huku. Jumatano nilimchora mnoa visu ambaye baiskeli yake imesimama juu ya stendi, anakanyaga pedali lakini haendi popote, na jiwe la kunolea linazunguka mbele yake. Kwa maoni yangu ndiyo picha bora ya wiki, na niliichora kwa muda usiozidi saa moja. Alhamisi ilikuwa siku ya madafu na sina mengi ya kusema juu yake.

Ijumaa nilifika kwenye ukuta wa nyuma, na hapo palikuwa na baiskeli yenyewe. Ni Swala, zile zilizokuwa zikiundwa hapahapa nchini, aliyoipata baba kwa kibali cha kazini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati vitu vilipokuwa adimu madukani. Alikuwa karani wa shamba la mkonge, na kila alfajiri aliiendesha kuelekea Amboni huku chakula chake kikiwa ndani ya mfuko uliotundikwa kwenye usukani. Matairi yamepasuka, ngozi ya kiti imekauka na kukunjamana, cheni imeganda kwa kutu, lakini kengele bado inalia. Nimekaa mbele yake siku tatu na kibonzo cha tano hakijapatikana, kwa sababu sijui baiskeli inawezaje kubeba baiskeli kwenda nayo, wala sijui kama nataka iende.

Swali langu ni hili. Nikishakichora kitu kwa uangalifu, nikakipiga picha na kukiskani, je, nimekihifadhi kiasi cha kuweza kukiachilia? Ninauliza kuhusu Swala ya baba, na ninauliza pia kuhusu maboksi sita ya michoro yangu ya asili, ambayo karibu yote imekwisha kuchapishwa magazetini. Nimeambatanisha picha za vibonzo vinne na za baiskeli.

---

Fundi_Spoki amejibu:

Dada, pole na kazi. Mimi ni fundi baiskeli wa Shinyanga kwa mwaka wa ishirini na tano sasa, mji ambao baiskeli zimebeba abiria miaka mingi hata zikaitwa daladala. Kuhusu kuhifadhi karatasi wengine watajibu. Mimi nitasema juu ya baiskeli, ile ya chumbani na zile ulizochora.

Nianze na ulizochora. Mikono yako ni mizuri na mizigo umeipanga kama mtu aliyewahi kuifunga. Lakini katika kibonzo cha Jumatatu cheni iko upande wa kushoto wa mwendeshaji, ilhali hizi baiskeli zetu cheni hukaa kulia, na ndiyo sababu mtu huipandia na kuisukuma akiwa upande wa kushoto, ili nguo isiguse mafuta. Pili, spoki umezichora zikitoka katikati ya gurudumu moja kwa moja kama miale ya jua. Kwenye gurudumu la kazi spoki hutoka pembeni mwa habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa mshazari, moja ikielekea mbele na mwenzake nyuma, zikipishana njiani kabla ya kufika kwenye rimu. Mshazari huo ndio unaopokea nguvu ya mguu kutoka kwenye cheni na kuipeleka kwenye tairi, na gurudumu la nyuma likifungwa spoki zilizonyooka tu haliwezi kudumu na mzigo wa madafu. Katika baiskeli nyingi za mtindo huo wa zamani utahesabu spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu nyuma ndiko uzito uliko. Zihesabu za Swala yako kabla hujachora tena.

Sasa Swala yenyewe. Kutu ya cheni isikutishe, cheni hubadilishwa. Matairi ya inchi 28 bado yanapatikana. Breki zake, kwa ninavyoona pichani, ni za vyuma na si za waya, na hizo huharibika kwa kulegea tu. Mahali pa kutazama ni pawili. Geuza baiskeli chini juu, kisha chokonoa kwa bisibisi pale chini kabisa mhimili wa pedali unapopita, kwa kuwa maji huingia kupitia bomba la kiti na kutuama hapo. Bisibisi ikizama, fremu imekwisha. Halafu kagua uma wa mbele pale unapoingia kwenye shingo, uone kama kuna ufa. Pakiwa pazima pote pawili, hiyo ni baiskeli ya kuendesha na si ya kutundika ukutani.

Nasema hivi kwa sababu baiskeli isiyotembea huoza haraka kuliko inayotembea. Grisi hukauka na kuwa kama nta, gololi hushika kutu zikiwa zimekaa mahali pamoja, na mpira hupasuka kwa kubeba uzito upande mmoja. Ukiirudisha chumbani kwa sababu ya heshima ya mzee, baada ya miaka mitano utakuwa na chuma chakavu chenye heshima.

---

Rafu_ya_Juu amejibu:

Dada Wino, nimefanya kazi ya kuhifadhi nyaraka kwa muda mrefu, na nitaanza na ile michoro kumi na mmoja kwa sababu ndiyo yenye haraka. Tafadhali usiibandue. Kama bado ina unyevu, iweke bapa juu ya kitambaa cheupe safi au karatasi ya kunyonya wino, mahali penye upepo wa feni usioelekezwa moja kwa moja juu yake, mbali na jua, na ubadilishe kitambaa kila kinapolowa. Karatasi iliyolowa huanza kuota ukungu ndani ya siku mbili hivi, na ndiyo maana sisi hushauri kwamba mtu asiyeweza kuishughulikia kwa wakati huo aifunge ndani ya mfuko wa plastiki na kuiweka kwenye friza, kwa kuwa baridi kali huzuia ukungu na kukupa nafasi ya kutafuta msaada. Kama imekwisha kukauka ikiwa imeshikamana, iache kama ilivyo. Huhitaji nguvu, unahitaji mtu mwenye ujuzi wa kuirudishia unyevu kidogokidogo.

Tenga michoro ya wino mweusi wa kaboni na ile ya kalamu za wino wa rangi. Wino wa kaboni hauchujuki kwa mwanga, na ule usioyeyuka kwa maji ukikauka haurudi nyuma, kwa hiyo mistari yako mingi huenda imesalimika hata karatasi ikiwa imekunjamana. Rangi za kalamu ndizo hukimbia kwa maji na kufifia kwa jua. Ondoa pini zote kabla kutu haijatoboa karatasi, wala usiunganishe palipochanika kwa selotepu, kwa sababu gundi yake hugeuka kahawia na kupenya ndani. Maboksi yainue kutoka sakafuni na uyatenganishe na ukuta, kwa ajili ya maji na kwa ajili ya mchwa pia, nao Tanga hamkosi. Magazeti yaliyochapisha kazi zako yasikae boksi moja na michoro. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa bila kuondolewa lignini, gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi zake, kwa hiyo hugeuka njano na kutoa asidi, na asidi hiyo huhamia kwenye karatasi jirani.

Sasa swali lako lenyewe. Skani nzuri ya mstari mweusi, kwa kiwango cha nukta 600 kwa inchi, inatosha kabisa kuchapisha upya. Lakini naomba ugeuze mchoro wowote wa zamani na kuutazama upande wa nyuma. Je, hakuna maandishi ya mhariri, tarehe iliyokatwa na kuandikwa nyingine, vipimo vya safu? Uinamishe mbele ya dirisha. Je, huoni penseli uliyoifuta, na rangi nyeupe uliyofunika uso wa mtu fulani kisha ukamchora mwingine juu yake? Gazeti lilipata kibonzo kilichokamilika, bali karatasi ndiyo inayojua ulivyobadilisha mawazo, na mtafiti wa kesho atakayetaka kujua kibonzo cha kisiasa kilivyozaliwa nchini mwetu atahitaji karatasi hiyo. Kwa hiyo usichague kwa uzuri. Baki na ile yenye alama za safari, na iliyo safi mno, isiyo na marekebisho, ndiyo unayoweza kuiuza au kuigawa kwa moyo mkunjufu baada ya kuiskani. Kuuza karatasi hakumpi mnunuzi hakimiliki ya mchoro, ila soma kwanza mikataba yako ya zamani na magazeti.

Iwapo maboksi yatakulemea, Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko maalumu wa machapisho ya Afrika Mashariki, na ni mahali pa kufanya mazungumzo kabla ya kuchoma chochote.

---

Kalamu_Nairobi amejibu:

Dada, mimi ni mchoraji mwenzako wa upande huu wa mpaka, na nilifanya kile unachofikiria kufanya. Mwaka 2014 nilipohama nyumba nilijiambia kwamba kazi zangu zimo magazetini, nikachoma maboksi manne uani. Miaka sita baadaye nilitakiwa kutoa michoro yangu ya wakati wa kura ya maoni ya Katiba ya 2010 kwa ajili ya maonyesho madogo, na nilichokuwa nacho ni vipande vya magazeti. Tulipovikuza, mistari yangu iligeuka kuwa nukta za uchapaji na weusi ukawa kijivu. Picha moja tu ndiyo iliyofaa kutundikwa. Nilisimama mbele yake siku ya ufunguzi nikiwa na huzuni ambayo sikuweza kumweleza mtu yeyote pale, na ninakueleza wewe kwa sababu bado hujawasha kiberiti.

Wengi wetu huku tulijifunza kusoma kwa kumfuata Juha Kalulu, mhusika wa vibonzo vya Mzee Edward Gitau katika gazeti la Taifa Leo. Nilimjua Juha kwa wino wa mashine, na hadi leo sijawahi kuona kwa macho yangu mstari hata mmoja uliotoka kwenye kalamu ya mzee yule. Natamani wanafunzi wako wasiseme hivyo juu yako.

Kuhusu kibonzo cha tano, nadhani umekwama kwa sababu umekaa mbele ya Swala bila kuitazama. Usiudhike. Alichosema Fundi kuhusu cheni na spoki kinatupata sote. Rebecca Lawson wa Chuo Kikuu cha Liverpool alichapisha mwaka 2006 utafiti ambamo aliwataka watu wachore baiskeli au waitambue iliyo sahihi, na wengi walikosea mambo ya msingi kabisa, wengine wakaizungusha cheni kwenye magurudumu yote mawili, jambo ambalo lingeizuia baiskeli kupinda. Watu hao walikuwa wameona baiskeli maisha yao yote. Kitu tunachokiona kila siku hatukichunguzi, tunakitambua tu na kupita.

Kwa hiyo iache dhana ya kibonzo kwa siku moja. Itoe baiskeli uani, keti chini kwenye mkeka ili macho yako yawe sawa na habu, uichore kama mwanafunzi, chuma kwa chuma. Fremu ni pembetatu mbili zilizopeana mgongo, na umbo hilo, lililotokana na baiskeli ya Rover ya John Kemp Starley ya mwaka 1885, halijabadilika sana tangu miaka ya 1890. Ukizipata hizo mbili, mengine yote yatakaa mahali pake. Kisha mwite fundi aifungue mbele yako, nawe uchore kila kinachotoka. Nina hakika hutakuwa ukiuliza tena kama iende au ibaki, kwa kuwa utakuwa umeijua.

---

Mama_Chumbageni amejibu:

Wino mdogo wangu, mimi si msanii wala fundi, ila ni jirani yako wa mji mmoja, na ninaona wote hapa wanakuambia uhifadhi bila kuuliza chumba hicho ni cha nani. Umeandika kwamba una mpwa anayeishi nawe. Analala wapi?

Baba yangu alipofariki alituachia vyumba viwili vya vitu alivyosema vina maana. Tulikuwa ndugu watano, na ilituchukua mwaka mzima, tukigombana juu ya redio zisizolia na risiti za miaka ya Mwinyi, kwa sababu mwenyewe hakutuambia kipi ni kipi. Maana ya vitu ilikuwa kichwani mwake, naye alikwenda nayo. Kama unahifadhi, basi hifadhi kwa kiasi cha kabati moja, na kila kitu kiandikwe ni nini na kwa nini kipo. Kisichoingia kabatini kitafutiwe mtu. Hicho chumba mpe kijana.

---

Rafu_ya_Juu amejibu:

Namuunga mkono Mama Chumbageni moja kwa moja. Hata sisi wa nyaraka hatubaki na kila kitu, na orodha aliyoitaja ni nusu ya kazi yenyewe. Andika kwa penseli laini nyuma ya kila mchoro, pembeni, tarehe na gazeti na tukio lililokuwa likizungumzwa. Miaka thelathini ikipita, kibonzo kisicho na tukio lake ni picha ya watu wasiojulikana wakifanya jambo lisiloeleweka.

---

Wino_wa_Ngamiani amejibu:

Shikamoo dada Chumbageni, na asanteni nyote. Nimerudi baada ya siku tisa, na sikutaka kurudi kabla sijafanya.

Mpwa wangu alikuwa akilala ukumbini. Sikuliandika hilo katika swali langu kwa kuwa nilikuwa nimelizoea, na uliponiuliza nilikaa kimya muda mrefu. Sasa chumba cha uani ni chake, tumekipaka chokaa, na fundi wa bati ameziba palipovuja.

Michoro kumi na mmoja ilikuwa bado na unyevu katikati. Minane imejitenga yenyewe kwenye kitambaa, kwa siku nne, bila mimi kuilazimisha, na mistari imesalimika yote isipokuwa mmoja niliotumia kalamu nyekundu. Mitatu iliyobaki nimeiacha imeshikana. Niligeuza migongo ya mingine kama ulivyoniambia, ndugu Rafu, nikakuta mwandiko wa mhariri wangu wa kwanza, ambaye sasa ni marehemu, ukisema «punguza pua, ongeza hasira». Nilikuwa nimeisahau sentensi hiyo kabisa. Kutoka maboksi sita nimebaki na mawili, yamo ndani ya kabati la chuma lililoinuliwa juu ya matofali, na nimeandika mgongo wa michoro mia mbili na kumi hadi sasa. Iliyo safi nimeiskani, na nusu yake nimeipeleka kwa shule mbili za hapa mjini ambazo walimu wake wa sanaa waliomba. Kaka Kalamu, hakuna kilichochomwa.

Swala niliitoa uani nikakaa kwenye mkeka. Fundi Spoki, ni 32 mbele na 40 nyuma. Nilizihesabu mara mbili kisha nikazichora zote 72 zikipishana, na nilipofika kama ya hamsini nilitambua kwamba spoki nne za nyuma, upande wa cheni, si za kiwandani: ni nene zaidi na zimekunjwa kwa mkono. Baba alizifunga mwenyewe. Hakuna picha niliyoipiga iliyokuwa imenionyesha jambo hilo. Bisibisi haikuzama, na uma hauna ufa. Fundi wa mtaani aliifungua mbele yangu kutwa nzima, nikajaza kurasa kumi na nne, naye amebadilisha matairi, cheni, gololi zote na kiti. Zile spoki nne nilimwomba aziache, akazigonga kwa kucha moja baada ya nyingine, akasikiliza, akasema zimekaza sawasawa na wenzake.

Kibonzo cha tano nilikichora jana usiku. Ni mpwa wangu akitoka kwenye mlango wa uani juu ya Swala, mguu mmoja bado uko chini kwa kuwa kiti ni kirefu kwake, na kidole gumba kiko kwenye kengele. Cheni iko kulia. Karia haina kitu.